Nilikatwa Mshahara kwa Ajili ya Uzee, Lakini Mfuko Haukupokea

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu pamoja na za wenzangu walioniomba niandike kwa niaba yao. Mimi ni mjane na mama wa watoto wanne. Niliajiriwa mwaka 1990 na baraza la manispaa la mji mmoja hapa magharibi mwa Kenya, nikaanza kwa kufagia soko, kisha nikapewa kitabu cha risiti na kufanywa karani wa ushuru. Mabaraza yalipovunjwa mwaka 2013 tulihamishiwa serikali ya kaunti, tukaambiwa kwamba utumishi wetu haujakatika na kwamba haki zetu za uzeeni zinaendelea kama zilivyokuwa. Mwaka ujao nitatimiza miaka 60 na kustaafu.

Hivi karibuni nilikwenda kuchukua taarifa ya michango kutoka kwa mfuko wetu. Mshauri, nilikaa chini nilipoisoma. Kuna miezi ambayo mchango wangu umeandikwa na wa mwajiri ni sufuri, na kuna mingine, ya enzi za baraza na ya enzi za kaunti pia, ambayo safu zote mbili ni tupu. Nyumbani nina bahasha ninamoweka hati zangu za mshahara, na nilipozilinganisha niliona kwamba katika miezi hiyo hiyo iliyo tupu nilikuwa nimekatwa.

Wastaafu waliotutangulia hukusanyika kwenye Bunge la Kaunti kila Jumatano asubuhi. Huacha vitambulisho langoni, huketi sehemu ya wageni, husikiliza. Juma moja huambiwa waziri wa fedha ataleta jibu, juma linalofuata jibu halijawa tayari, na jingine jambo hili halimo kabisa katika shughuli za siku. Wengine walikwenda kwa meneja wa manispaa wakaomba bodi yake ilijadili, na bodi ikawaambia wapeleke kwa kaunti. Mwenzetu mmoja aliyekuwa dereva wa lori la taka alifariki akisubiri, na mke wake sasa ndiye anayekuja kuketi pale.

Mimi nina mambo matatu yanayoninyima usingizi. Kwanza, ofisa mmoja ananitaka nitie saini karatasi inayosema kwamba sina dai lolote dhidi ya mwajiri, ndipo faili langu lipelekwe mbele. Pili, kuna kijana anayejulikana pale makao makuu ambaye ameahidi kuharakisha malipo nikimpa sehemu ya tano ya nitakachopata. Tatu, mwanangu wa kwanza anataka tumwone wakili mara moja, ilhali mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi anasema tusubiri mazungumzo. Nisaini, nimlipe huyu kijana, nishtaki, au nisubiri?

Mama Karani,
Magharibi mwa Kenya

JIBU

Mama Karani, pole kwa mzigo huu, na pole kwa mke wa dereva. Nianze na karatasi ile, kwa sababu haisubiri. Usitie saini. Kupeleka faili lako mbele ni wajibu wa ofisi, wala hakuna sheria inayokutaka usamehe deni ili upate kile ambacho tayari kimewekwa kwa jina lako. Fomu ya kudai mafao, ambayo hutolewa na mfuko wenyewe na kujazwa na wewe pamoja na mwajiri, hiyo ijaze. Ukilipwa sehemu ya fedha na kutakiwa kukiri kupokea, pokea, kwa sababu kukataa fedha iliyopo hakutaleta ile isiyokuwepo, lakini juu ya saini yako uandike kwa mkono wako maneno haya: "Nimepokea malipo haya kama sehemu tu ya mafao yangu, na sijaacha dai la michango ambayo haijawasilishwa." Ondoka na nakala. Wakikataa kukupa nakala, piga picha kwa simu kabla hujairudisha.

Kijana wa makao makuu asipate hata kopi ya kitambulisho chako. Mfuko wa uzeeni hulipa mwanachama katika akaunti yake ya benki, na hakuna hatua hata moja ya safari hiyo inayohitaji mtu wa kati. Anachouza ni taarifa ambazo wewe una haki ya kuzipata bure.

Sasa tutenganishe wahusika, kwa maana naona wenzako wamekuwa wakigonga milango ambayo ndani yake hamna mwenye deni. Mfuko ni chombo kinachosimamiwa na wadhamini. Hutunza na kuwekeza kile kilichowasilishwa, na hauwezi kukulipa michango ambayo haukuipokea. Mwenye deni ni mwajiri, na hilo ni deni lake kwa mfuko kwa niaba yako. Bodi ya manispaa, iliyoundwa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, husimamia huduma za mji na hukutana kujadili masoko, taka, taa na barabara, lakini haishiki daftari la mishahara wala hazina. Hata hapa Kisumu, na hata Nakuru iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, mtumishi anayedai mafao huyadai kwa serikali ya kaunti. Msipoteze juma jingine kwa meneja.

Mifuko iliyohudumia watumishi wa mabaraza, yaani LAPFUND iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1960 na LAPTRUST iliyo ya zamani zaidi, imekuwa ikipokea asilimia 12 ya mshahara kutoka kwa mwanachama na asilimia 15 kutoka kwa mwajiri, na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2019 imeendeleza viwango hivyo. Chukua mshahara wa shilingi 40,000. Mfanyakazi hukatwa shilingi 4,800, mwajiri huongeza shilingi 6,000, na jumla ya shilingi 10,800 hupaswa kufika kwenye mfuko kila mwezi. Mwaka mmoja ukiachwa tupu, shilingi 129,600 hazipo. Miaka mitatu ni shilingi 388,800, na hapo hatujahesabu faida ambayo fedha hizo zingezaa kwa uwekezaji wala riba ambayo mwajiri hutozwa kwa kuchelewa. Ndiyo maana madeni ya kaunti kwa mifuko hii yamefika mabilioni ya shilingi na bado yanakua.

Ninataka ulishike jambo moja kwa uthabiti, kwa sababu wanaokujibu hupenda kulifunika kwa habari za mgao wa serikali kuu kuchelewa. Ule mchango wa asilimia 15 wanaweza kusema walikuwa hawana, ingawa hilo nalo haliwaondolei wajibu. Zile asilimia 12 hazikuwa zao hata dakika moja. Ni mshahara ulioutolea jasho sokoni, ukaondolewa mkononi mwako kwa ahadi kwamba unapelekwa mahali fulani, na haukupelekwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayekata fedha kwenye mshahara aziwasilishe zinakotakiwa, na asipofanya hivyo ametenda kosa la jinai. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 nayo inaipa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo wengi huiita RBA, uwezo wa kumfuatilia mwajiri wa aina hiyo. Kwa hiyo unapokwenda kwenye ofisi yoyote, usiende kama mtu anayeomba msaada.

Bahasha yako ndiyo nguvu yako kubwa kuliko zote. Hati za mshahara za enzi za baraza, zile ndefu zenye vitundu pembeni, zilichapwa kwa wino unaofifia, na nimeona mafaili ya wastaafu ambamo tarakimu za makato zimebaki kivuli tu. Zitoe nakala sasa, kila moja, na umwombe mwanao azipige picha pia. Kisha chukua daftari na uchore safu nne: mwezi na mwaka, kiasi ulichokatwa kwa mujibu wa hati ya mshahara, kiasi cha mchango wako kilichofika kwenye mfuko, na kiasi cha mwajiri kilichofika. Jaza mstari baada ya mstari, ukianza na miaka ya karibuni ambayo ushahidi wake haupotei, ukirudi nyuma. Mwezi ambao hati yake huna, acha nafasi na uweke alama. Ofisi inaweza kupuuza mtu anayesema "hamkupeleka fedha zangu", lakini hupata shida sana kumpuuza anayesema "mwezi Agosti mlinikata kiasi hiki, hati ni hii, na taarifa ya mfuko ni hii."

Miezi yenye alama utaiombea kwa maandishi kwa idara ya utumishi, ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Siku hizo zikipita kimya, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi hapa Kisumu na haitozi ada.

Daftari likikamilika, andika barua mbili. Ya kwanza iende kwa wadhamini wa mfuko, uwaombe wakupe kwa maandishi jumla ya michango yako wanayomdai mwajiri, mwezi kwa mwezi, pamoja na riba. Ya pili iende kwa Katibu wa Kaunti, nakala kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na kwa idara ya fedha, ukiambatisha jedwali lako na kuuliza fedha hizo zitawasilishwa lini. Kila barua iwe na nakala inayogongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nawe nyumbani. Fanya hivi ukiwa bado kazini, kwa sababu leo unaweza kuingia ofisi ya rasilimali watu kama mtumishi, na baada ya kustaafu utaanzia langoni.

Wakikuambia kwamba miaka ya kabla ya 2013 ni deni la baraza na baraza halipo tena, usikubali kurudishwa nyuma na neno hilo. Mabaraza yalipoondolewa, watumishi, mali na madeni yao havikuachwa bila mwenyewe. Kazi ya kuvihakiki na kuvikabidhi ilianza chini ya Mamlaka ya Mpito, na muda wa mamlaka hiyo ulipokwisha mwaka 2016 ikaendelezwa na Kamati ya Kiufundi ya Mahusiano baina ya Serikali. Katiba yenyewe, katika Jedwali la Sita, inasema kwamba taasisi iliyoundwa chini yake hurithi kisheria ile iliyolingana nayo hapo awali. Kama kaunti ilirithi soko na inakusanya ushuru wake kila asubuhi kwa mkono wako, imemrithi pia karani wa soko hilo na kile anachodai.

Nije kwenye Jumatano zenu. Kuketi pale ni haki, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake na za kamati zake hadharani. Lakini anayeketi sehemu ya wageni haruhusiwi kusema, na jambo ambalo halijaingizwa rasmi katika orodha ya shughuli halina wa kulijibu hata wasikilizaji wakijaa hadi mlangoni. Mabunge mengi ya kaunti huketi Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, na kinachosomwa siku hizo huwa kimepangwa mapema na kamati ya shughuli za bunge. Mnachohitaji ni kuwa ndani ya mpango huo. Njia yake ni ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa bunge, ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuiwasilisha.

Ardhilhali yenu isiwe kilio kirefu. Iseme ninyi ni nani, mlikatwa kiasi gani katika kipindi gani, mmeandikia ofisi zipi na tarehe zipi, na mnaliomba bunge lifanye nini. Hapo kwenye ombi ndipo wengi huteleza, kwa kuandika tu kwamba bunge "liingilie kati". Ombeni mambo yanayoweza kupimwa: waziri wa fedha awasilishe mezani jumla ya michango ambayo haijapelekwa, kwa kila mfuko na kwa kila mwaka wa fedha, kamati inayoshughulikia kazi na utumishi iwaite wadhamini wa mfuko na maofisa wa kaunti mbele yake siku moja, wasikilizane, na fedha za kulipa deni hili zitengwe katika bajeti kwa kutajwa jina la mfuko. Mtie saini wengi iwezekanavyo, walio kazini na waliostaafu, na huyo mjane wa dereva akiwa miongoni mwenu, kisha mkabidhi kwa Karani wa Bunge na kupata muhuri. Mwakilishi wadi mmoja aliye tayari kuuliza kila juma ardhilhali imefikia wapi atawafaa kuliko kumi wanaowapungia mkono koridoni.

Na mtazame kalenda, kwa sababu deni hulipwa na bajeti, halilipwi na hotuba. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kaunti hutakiwa kupeleka bungeni waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na katikati ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni katika kumbi za wadi. Wastaafu hawaonekani sana katika mikutano hiyo. Wanaoonekana ni wanaotaka barabara na mabati ya shule. Nendeni na mseme, na maoni yenu yaandikwe. Kamati ya Bajeti inapoketi mwezi Mei, iwe tayari ina karatasi inayotaja mfuko wenu na kiasi. Baadaye mtafuatilia katika ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ambazo huonyesha madeni ya kila kaunti, na katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambayo Kamati ya Hesabu za Umma ya bunge lenu hulazimika kuichambua. Huniuma sana kuona kaunti ikipitisha bajeti ya ziada kwa haraka huku fedha iliyokatwa kwa wafagiaji wake ikiitwa deni la kusubiri. Lakini nimejifunza kwamba uchungu huo husikika tu pale ulipoambatanishwa na namba ya mstari wa bajeti.

Kuhusu mwanao na mwakilishi wa chama, kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Mahakama haiwi mlango wa kwanza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu mfuko wa pensheni wa Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliamua kwamba mgogoro kati ya mwanachama na mfuko huanzia kwa Afisa Mkuu wa RBA, kisha kwenye Jopo la Rufaa la Mafao ya Kustaafu, kabla ya kufika mahakamani. Kwa hiyo wadhamini wakikupa uamuzi usiouridhia, omba kwa maandishi upitiwe upya na Afisa Mkuu huyo, na uamuzi wake usipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa kwenye jopo. Hata pale mtakaposhinda dhidi ya kaunti, dalali wa mahakama hawezi kukamata magari yake wala samani, kwa maana Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali inazuia, na itabidi mwombe amri ya kumlazimisha ofisa husika alipe. Nimetaja haya ili mwanao asiuze ng'ombe akidhani hukumu ni hundi.

Hata hivyo, "tusubiri mazungumzo" ni ushauri wenye hatari. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ajira, na mazungumzo hayasimamishi saa hiyo. Mwulize mwakilishi wenu, mbele ya mashahidi, mazungumzo yamefikia wapi, yameandikwa wapi, na yatakwisha lini. Asipokuwa na jibu kufikia siku utakayostaafu, mwone wakili wa masuala ya kazi mkiwa kundi, mgawane gharama, naye apime kama kesi ipelekwe kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Kisumu na Nakuru pia. Daftari lako la safu nne litakuwa limemfanyia nusu ya kazi.

Fedha yenyewe itakapokuja, kuna nafuu moja. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mafao ya mtu aliyefikia umri wa kustaafu, yanayolipwa na mfuko uliosajiliwa, hayatozwi kodi ya mapato, basi atakayekuambia kuna kodi ya kulipwa kwanza taslimu ni wa jamii ya yule kijana. Mafao ya NSSF ni dai jingine kabisa, na utalifuata kwenye ofisi zao bila kungoja hili.

Kabla ya yote hayo, hakiki fomu ya warithi uliyoijaza ulipoajiriwa. Kama uliijaza miaka ile ya tisini, huenda jina la marehemu mume wako ndilo lililomo, na watoto waliozaliwa baadaye hawamo. Omba fomu mpya kwa mfuko, andika majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, gawa asilimia zifike 100, na urudishe ikiwa imegongwa muhuri. Wadhamini huitazama fomu hiyo mwanachama anapofariki, na isipokuwepo au ikiwa ya zamani, familia hupelekwa kutafuta hati za usimamizi wa mirathi. Mwulize mke wa dereva kama mumewe alikuwa na fomu. Kama haikuwepo, aanze na barua ya chifu na cheti cha kifo, aende kwenye ofisi ya mfuko, na apeleke dai lake mwenyewe badala ya kungoja lipitie kwenye ardhilhali yenu.

Mshauri,
Kisumu